Jinsi ya kutazama Safari Rally Naivasha bila kukosa mbio na bila kuumia

Kila mwaka wiki ya Safari Rally ikikaribia naulizwa maswali yale yale, tulale wapi, tuende steji gani (yaani kipande gani cha njia ya mashindano), gari ndogo itafika, watoto tuwabebe au tuwaache, na mimi huwa najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinachoka, sasa nimeona niandike yote hapa mara moja. Kama unaenda Naivasha kwa sababu ya mziki na sherehe za usiku, hapa hutapata kitu. Naongea na yule anataka kuona magari, asikie injini kifuani, alafu arudi nyumbani mzima.

Jambo la kwanza ulibebe kichwani kabla ya mengine yote: sehemu moja kwa siku moja. Usifukuze rali. Watu wanaokosa mbio Naivasha si wale wamechagua kona mbaya, ni wale wako barabarani wanahama kutoka steji hii kwenda ile wakati magari yanapita. Nimewaona kila mwaka, wamekwama kwenye foleni ya vumbi, vioo vimefungwa, chopa inapita juu yao na hawajaona hata gari moja la mashindano.

Zamani haikuwa hivi. Mbio hizi zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara zenyewe hazikufungwa, na mtu alikaa tu kando ya njia ya kijijini kwao na Joginder Singh akampitia pale na vumbi lake. Huyo ndiye Simba wa Kenya, alishinda 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara 5, nne kati ya hizo zikifuatana 1979 mpaka 1982. Rali ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na iliporudi ilirudi na sura nyingine: steji fupi zilizofungwa, nyingi ziko ndani ya maranchi na hifadhi za wanyama kuzunguka ziwa Naivasha mpaka kule Elmenteita. Maana yake siku hizi rali haikupitii mlangoni, unaiendea wewe, kwa geti fulani na kwa saa fulani, na ukichelewa barabara inafungwa na imeisha hiyo. Ndio sababu ya hizi hatua.

Hatua ya 1: pata ratiba ya mwaka huu, si ya mwaka jana

Hili linaangusha wengi. Ratiba hubadilika. 2021, 2022 na 2023 mbio zilikuwa mwezi wa sita, 2024 zikaletwa Pasaka mwishoni mwa Machi, na 2025 zikawa Machi tena. Steji nazo huongezwa, hugeuzwa upande au huondolewa. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie "twende pale pa mwaka jana" kabla hujaangalia kama pale pa mwaka jana bado papo.

Lakini mpangilio wa jumla kwa miaka ya karibuni umekuwa hivi: Ijumaa magari yanazunguka upande wa ziwa, yaani Loldia, Geothermal na Kedong. Jumamosi yanapanda kaskazini kuelekea Gilgil, hapo ndio kuna Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, ile steji ya kando ya kilima kinachofanana na shujaa amelala chali. Jumapili yanarudi karibu na Naivasha na kumalizia Hell's Gate. Steji nyingi za siku hizo tatu hupitwa mara mbili, asubuhi na mchana, na hiyo ndio zawadi ya mtu anayekaa sehemu moja, unaona kila gari mara mbili bila kuwasha lako.

Ukishapata ratiba chukua kalamu uandike vitu vitatu tu: saa ya gari la kwanza kuingia steji yako, saa ya barabara kufungwa, na jina la eneo la watazamaji pamoja na njia ya kuingilia. Saa ya kufungwa ndio muhimu kuliko zote. Barabara hufungwa masaa kadhaa kabla ya gari la kwanza, na mashali, yule msimamizi wa njia, akishaweka utepe hakuna maneno matamu yatamfanya autoe, na ni haki yake. Pakua ramani kwa simu ukiwa bado mjini, kwa sababu ukishaingia kule ranchini, na maelfu ya watu wote wanapost video kwa pamoja, netiweki inakufa.

Hatua ya 2: chagua kitanda kulingana na siku, si kulingana na mji

Kila mtu anataka kulala Naivasha mjini au kule Moi South Lake Road karibu na ziwa. Sawa, kwa Ijumaa na Jumapili inafaa. Lakini kama siku yako kubwa ni Jumamosi, lala upande wa Gilgil, Elmenteita au hata Nakuru. Asubuhi ile wote waliolala Naivasha wanapanda kwa barabara moja na wewe unatoka upande wa pili umepumzika. Na lipia mapema, miezi si wiki, vyumba huisha na bei hupanda kila siku ikikaribia.

Wa kupiga hema sikilizeni. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mchana jua linakuchoma na usiku baridi inaingia mpaka mifupani, beba blanketi la kweli. Na msipige hema karibu na maji mahali ambapo hapana uzio. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, kiboko akikuta hema lako liko kati yake na maji hatazunguka. Piga kambi kwenye kempu zenye uzio wa stima na walinzi, uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 3: safari yenyewe

Kutoka Nairobi kuna njia mbili. Ya juu inapitia Limuru na Kinungi, ya chini inashuka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu. Wikendi ya rali zote mbili hujaa. Mimi natoka siku moja kabla, na kama haiwezekani natoka saa tisa usiku, basi. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi utaona jua la asubuhi likimulika mlima Longonot vizuri sana ukiwa umesimama nyuma ya lori.

Kuhusu gari dogo: lami itakufikisha karibu, tatizo ni zile kilomita za mwisho za barabara ya vumbi kuingia eneo la watazamaji. Kukiwa kikavu Vitz inafika ukienda taratibu. Mvua ikinyesha, na Machi masika huwa yanabisha hodi, hiyo hiyo njia inakuwa sabuni. Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja tulifika gizani, tukaona bonde dogo limetulia, nyasi fupi, tukaegesha gari hapo tukajipongeza kwa kupata parking nzuri. Saa nane mchana mvua ikashuka ya dakika arobaini hivi, tuliporudi gari lilikuwa limekaa kwenye supu mpaka karibu na mlango, tulisukuma, tukaweka matawi, tukaweka mpaka mikeka ya miguu chini ya tairi, mwishowe trekta ilituvuta usiku tukiwa tumelowa wote na mtoto amelala kwa gari la watu. Tangu siku hiyo sheria yangu ni hizi mbili: egesha juu hata kama ni mbali, na geuza gari liangalie njia ya kutokea kabla hujazima injini.

Matatu zipo, na boda zipo nyingi za kukuingiza kutoka barabara kuu. Ukipanda boda elewana bei ya kwenda na kurudi kabla hujakalia kiti, chukua namba yake, na kubaliana saa na mahali pa kukutana, kwa sababu jioni simu inaweza kukataa kushika.

Hatua ya 4: vitu vya kubeba

Maji, tena mengi kuliko unavyofikiri. Kedong kwa mfano ni uwanda wa nyasi na vichaka vya leleshwa, kivuli hupati, kwa hivyo kofia pana na mwavuli wa jua wa kukalia chini. Leso au buffu ya kufunika pua na mdomo, miwani inayoziba macho pembeni. Viatu vya kufunga, sandali ziache hotelini, nyasi zile zina miiba na chini yake kuna mashimo ya wanyama. Gambuti kama ni Machi. Pawabenki. Keshi ndogo ndogo, kwa sababu netiweki ikilala M-Pesa inalala nayo na mwenye chapati na smokie hana namna ya kukusaidia. Redio ndogo ya FM kama bado unayo nyumbani, itakupa matokeo wakati simu za watu wote zimekuwa tochi tu. Tishu. Mfuko wa takataka, pale ni kwa pundamilia na twiga, karatasi yako ya nailoni italiwa na mnyama Jumatatu.

Watoto waje, kabisa, ni kumbukumbu ya maisha. Wazibe masikio kwa zile kinga za masikio na mmoja wenu awe kazi yake ni mtoto tu, si mtoto na kamera.

Droni iache nyumbani. Chopa zinapita chini sana juu ya steji.

Hatua ya 5: mahali pa kusimama

Hapa ndio roho ya mambo yote, soma polepole.

Gari la rali kwenye changarawe haliendi kama gari la barabarani. Linaingia kona likiwa upande upande, tairi za nyuma zinatafuta njia yake, na dereva anashikilia usawa kwa mafuta na breki na ujuzi wa miaka. Siku nzuri linatoka safi. Siku ambayo kuna jiwe lililochomoka limekaa mahali halikuwepo dereva akipita kuandika noti zake za njia kabla ya mbio, linatoka kwa njia lisilotaka, na mara nyingi linatoka kuelekea nje ya kona. Jiweke ndani ya kona basi, upande ule barabara inapinda kuuelekea, na kama kuna kilima au ukingo panda juu yake. Juu na ndani. Ukisahau mengine yote, hayo maneno mawili yatakurudisha nyumbani.

Mahali pa kutosimama kabisa: nje ya kona, hata kama umeona watu mia wamejipanga hapo. Mwisho wa barabara nyoofu pale gari linapofunga breki, maana breki zikikataa linanyooka moja kwa moja. Baada ya kidimbwi au tuta ambapo gari linaruka, likitua vibaya hakuna anayejua litaelekea wapi. Nyuma ya kijiti cha leleshwa ukifikiri kimekuficha, leleshwa haizuii gari la zaidi ya tani moja. Na kukaa chini kwenye kiti karibu na barabara, hapana, mtu aliyekaa anahitaji sekunde mbili kusimama na hizo sekunde huna.

Kabla hujatandika shuka fanya hivi. Simama pale ulipopachagua, uangalie barabara inakotokea, na ujiulize gari likishindwa hapa nakimbilia wapi. Geuka uangalie nyuma yako. Kama kuna shimo, uzio wa waya, gari la mtu au umati, hapo si pako. Unataka uwanja wazi nyuma au kilima cha kupanda. Alafu tafuta mashali wa karibu, msalimie vizuri, muulize "kiongozi, hapa tuko sawa?" Wengi wao ni watu wa kujitolea wameamka kabla yako, ukimheshimu atakuonyesha hata mahali pazuri zaidi. Akikwambia rudi nyuma, rudi nyuma, watazamaji wakikaa vibaya steji nzima inaweza kusimamishwa na mnakosa wote.

Kingine ni upepo. Wageni hawakijui hiki, wenyeji wote wanakijua. Okota vumbi kiganjani, liachilie, uone linaenda wapi. Kaa upande ambao upepo unatokea. Ukikaa upande unakoelekea utaona gari la kwanza kwa sekunde tatu na baada ya hapo utaona ukuta wa rangi ya kahawia mpaka jioni.

Na vumbi lenyewe nalo uliangalie kwa karibu, kabla barabara haijafungwa. Kedong na sehemu nyingine za huku zina lile vumbi laini watu wa rali wanaliita feshfesh. Ukikanyaga kiatu kinazama kimya kimya bila kugonga chini, ukilishika linakutiririka vidoleni kama unga wa ngano, na ndani yake jiwe la ukubwa wa kichwa linaweza kulala usilione. Gari likiingia humo linapoteza mwendo ghafla, boneti inafunikwa, kioo cha mbele kinakuwa giza na injini inatafuta hewa. Ndio maana hapa kwetu utaona magari yana bomba limepanda kando ya kioo cha mbele, hilo ni la injini kupumua hewa ya juu, mbali na vumbi na maji, na ni vigumu kuliona kwenye rali nyingine za ubingwa wa dunia.

Hatua ya 6: jua nini kinakuja na kwa mpangilio gani

Kwanza utaona magari ya wasimamizi yakipita, ya kukagua usalama, yenye namba za sifuri, sifuri tatu, alafu mbili, alafu moja. Usishangilie ukadhani ni rali, na usivuke barabara baada ya hapo kwa sababu yoyote. Alafu chopa. Ukiisikia chopa inakuja chini chini inafuata barabara jua gari liko chini yake. Chopa nyingine ni za timu na kazi yake Safari ni kuangalia wanyama mbele, punda milia au swala akiwa njiani dereva anaambiwa.

Magari ya juu ni ya kundi la Rally1, ndio yale Toyota GR Yaris, Hyundai i20 N na Ford Puma, yanatoka moja moja kwa dakika kadhaa ili vumbi litulie. Baada yao Rally2, alafu wengine pamoja na Wakenya wetu. Tafadhali usiondoke baada ya Rally1 ya mwisho. Naona watu wanakunja shuka na mashujaa wao wenyewe bado wako njiani. 2022 Maxine Wahome alishinda kundi la WRC3, lile la tatu la ubingwa wa dunia, kwenye mbio hizi hizi akiwa na Ford Fiesta, na waliokunja shuka mapema hawakumuona. Hawa wetu wanapita barabara ambayo imeshalimwa na magari makubwa, wana matuta na mawe ambayo wa kwanza hawakuyakuta, kupiga kona moja pale ni kazi mara mbili.

Kitu cha kuangalia Ijumaa: anayeongoza ubingwa ndiye anafungua njia. Kwenye changarawe hiyo ni adhabu kubwa, yeye ndiye anafagia mawe madogo ya juu na wanaofuata wanakuta pamekwanguka pana mshiko. Angalia kona yako, gari la kwanza litateleza pana na taratibu, la tano litapita mstari mmoja safi kama limechorewa. Safari ina utamu wake hapo, kwa sababu siku ambayo upepo hakuna na vumbi linaning'inia, yule wa kwanza ndiye peke yake anaona mbele, na adhabu inageuka baraka. Hesabu kwa simu sekunde toka usikie injini mpaka ipite, fanya hivyo kwa magari matano, utaanza kuona nani anabana breki mapema na nani ana moyo.

Hatua ya 7: katikati ya awamu mbili, usilale tu

Awamu ya asubuhi ikiisha kuna masaa kabla ya ya mchana. Kula, pumzika, lakini usitembee barabarani, steji huwa bado iko mikononi mwa waandaaji. Ukiwa nyuma ya utepe angalia kona yako ilivyobadilika. Asubuhi ilikuwa sawa kama meza, sasa kuna mifereji miwili mirefu na katikati mawe yamechomoka yametoa meno. Hapo ndio Safari inavunja watu. 2021 Thierry Neuville, dereva wa Hyundai, aliamka Jumapili akiwa anaongoza rali nzima, akaingia Loldia, steji ya kwanza tu ya siku hiyo, na sehemu ya nyuma ya springi zake ikavunjika, ikawa kwaheri. Sébastien Ogier wa Toyota akachukua ushindi na mwenzake Takamoto Katsuta akawa wa pili. Mwaka uliofuata Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza zote, Kalle Rovanperä akiwa mbele, na 2023 wakarudia tena nne hizo na Ogier akiwa wa kwanza. Wengine walikuwa na mwendo, Toyota wakawa na mwendo na gari la kufika.

Kwa hivyo mchana sikiliza zaidi ya kuangalia. Gari zima lina sauti moja iliyoshikana. Gari lenye shida utalisikia, kitu kinagonga, tairi lililopasuka linapiga rimu ta-ta-ta-ta, na kila gari limebeba spea moja au mbili tu, mbili zikiisha anatambaa mpaka mwisho.

Hatua ya 8: pitia eneo la sevisi hata mara moja

Kwa miaka tangu 2021 sevisi, pale timu zinapotengenezea magari, imekuwa Naivasha, kwenye chuo cha utafiti na mafunzo ya wanyamapori. Ulizia masharti ya kuingia mapema. Nenda jioni ya Ijumaa magari yakirudi. Utaona gari limeingia limefunikwa udongo mpaka namba haisomeki, limepandishwa jeki kabla injini haijapoa, na mafundi wanalivua tairi, bampa, springi, hata giaboksi, kila mmoja na pembe yake, hakuna anayemgonga mwenzake wala kupaza sauti. Muda wao umepimwa. Gari likitoka limechelewa, kila dakika ni sekunde 10 za adhabu, na sekunde 10 zimeshaamua rali nyingi tu. Kama una kijana anasomea ufundi mpeleke asimame hapo nusu saa, atajifunza kitu ambacho huwezi kumweleza kwa mdomo.

Hatua ya 9: Jumapili

Siku ya Hell's Gate. Miamba pande zote, umati mkubwa kuliko siku zote, na steji ya mwisho inaitwa Power Stage, watano wa kasi zaidi pale wanapata pointi za ziada, 5, 4, 3, 2, 1. Kuanzia 2025 kuna pointi nyingine kama hizo kwa walio bora siku nzima ya Jumapili, wakati mshindi wa rali yenyewe anachukua 25. Ndio maana hata aliyeharibikiwa Ijumaa utamuona Jumapili anapiga gari kama mwizi amemfuata. Kama una siku moja tu na hujawahi kuona rali maishani, watu watakwambia nenda hii. Mimi nakwambia nenda Jumamosi. Jumapili utaona migongo ya watu, Jumamosi kule Soysambu na Sleeping Warrior kuna nafasi, kuna vilima vya kusimama juu, unaliona gari likitokea mbali kama mkia wa moshi, linakua, linapita chini yako, linapotelea upande wa ziwa. Lakini kama Jumapili ndio siku pekee umepata ruhusa kazini, nenda, fika kukiwa bado giza, ufuate hatua ya tano neno kwa neno maana kwenye umati ndipo watu wanasukumwa mbele kidogo kidogo mpaka wanajikuta kwenye utepe.

Hatua ya 10: kurudi

Subiri gari la kufunga steji lipite na mashali aseme njia iko wazi. Kisha usikimbilie gari. Washa jiko kama umebeba, chemsha chai, okota takataka zako na za jirani, acha saa moja na nusu ipite. Waliokimbia utawakuta bado wako kwenye kilomita ile ile ya vumbi wakipigiana honi.

Barabarani kuwa makini sana. Kila kijana ametoka pale akiwa na Rovanperä kichwani, na njia ya Mai Mahiu kupanda ukingo haina eneo la watazamaji wala chopa ya kukuona, ina malori tu. Kama umechoka lala Naivasha usiku mmoja zaidi, Jumatatu asubuhi vyumba ni vingi na bei imeshashuka.

Ukifika nyumbani usiwashe gari kwenda kazini kabla ya kufungua boneti. Toa eafilta, igonge chini mara kadhaa, utaona feshfesh ya Kedong inamwagika kwenye sakafu ya parking yako.